Bahari Sebuleni, Wakwe Mlangoni

Spéciose hakuwahi kugombana na mwanamke mwenzake kwa ajili ya mumewe. Aligombana na samaki. Tena si mukeke wala ndagala, samaki wa heshima ambao mtu akiwachukia huwatia kwenye mafuta yanayochemka na ugomvi ukaisha hapo. Hawa walikuwa visamaki vya rangirangi, vingine vidogo kuliko kidole gumba, vilivyokaa ndani ya sanduku la kioo katika sebule yake ya mtaa wa Kamenge, Bujumbura, vikilishwa, vikimulikwa taa ya buluu na kupepewa kwa feni, huku mama mwenye nyumba anajipepea kwa kipande cha boksi.

Mwenye samaki alikuwa Jovithe, mumewe, aliyefanya kazi ya kutolea watu mizigo forodhani, kule kwenye maghala ya karibu na bandari. Mtu mpole, mwenye tai siku zote, ambaye ukimuuliza habari za mvua atakwambia neno moja tu, lakini ukimuuliza habari za samaki utakosa usingizi. Kazi yake ilimkutanisha na madereva wa malori ya Dar es Salaam, na mmoja wao, Massoudi, ndiye aliyemletea bahari. Aliileta ndani ya bidoni za mafuta ya kupikia, zimefungwa vizuri, zimepangwa nyuma ya kiti. Siku ile maji yaliposhushwa mlangoni, katika mji uliokaa kando ya ziwa Tanganyika lote na upana wake, majirani walicheka wakashika mbavu. Mmoja alimuuliza Spéciose kama mumewe ameagiza na jua.

Baada ya maji yalikuja mawe, baada ya mawe pampu, na baada ya pampu vikaja viumbe viwili vilivyomteka Jovithe moyo mzima. Kimoja kilikuwa kisamaki kiitwacho mandarini, kimechorwa kama kitenge cha sikukuu, na kina madaha kuliko bibi harusi. Chakula cha kutupiwa hakigusi. Kinakula vijidudu visivyoonekana kwa macho vilivyo kwenye mawe, kimoja kimoja, mchana kutwa, kama mama anayechambua mawe katika maharage. Cha pili kilikuwa nyota ya bahari, ya buluu, ambayo watu wa pwani huiita kiti cha pweza. Hiyo ukiitumbukiza tu majini kwa pupa inakufa. Lazima izoeshwe maji mapya kwa kudondoshewa tone baada ya tone, na Jovithe aliidondoshea Jumapili nzima, misa ikampita. Spéciose alirudi kanisani akamkuta bado ameinamia ndoo. Alimkumbusha kwamba siku Laure alipozaliwa hakukaa hospitali muda mrefu kiasi hicho.

Basi mambo yalikuwa hivyo, mume na bahari yake, mke na kinyongo chake, mpaka siku ya Laure ilipokaribia.

Laure alikuwa binti yao wa kwanza, na kijana mmoja aitwaye Arnaud alikuwa amesema anamtaka. Jumamosi ile ukoo wa Arnaud ungekuja kufanya gusaba, yaani kumwomba binti kwa wazazi wake, na kama ujuavyo, siku hiyo haiombwi kwa mdomo mkavu wala kwa maneno mawili. Wanakuja wazee waliovaa suti, anakuja msemaji wao, mnakaa koo mbili zikitazamana, na msemaji wao na msemaji wenu wanapigana kwa maneno hadi mshindi apatikane, ingawa kila mtu anajua tangu asubuhi kwamba binti atatolewa. Baba na mama wa binti hawasemi kitu. Wanakaa, wanatulia, wanaonekana watu.

Hilo ndilo lililomnyima Spéciose raha: kuonekana watu. Ukoo wa Arnaud ulikuwa na majina, na yeye aliona mbele yake aibu nzima. Wakwe wanaingia, wanakuta bahari. Baba wa binti anaanza kueleza. Wakwe wanarudi kwao na kusema wamekwenda kuomba mke kwa kichaa. Alitaka sanduku liondoke. Jovithe alimweleza kwamba haliondoki. Ukilibeba na maji linapasuka, ukilimwaga wanakufa. Walizungumza usiku, wakazungumza asubuhi, sauti zikapanda zikashuka, na mwishowe wakapatana. Samaki watabaki. Lakini siku hiyo Jovithe hatawataja, hata mgeni akiwataja. Hatainuka kwenda kuwatazama. Mkono wake hautaingia majini. Atakaa kama baba wa binti, kimya, hata dari ikianguka.

Jovithe aliapa kwa kaburi la mama yake. Spéciose akaona hiyo haitoshi, akapanga viti mwenyewe. Wakwe aliwaweka wakaligeuzia sanduku mgongo, ili wasilitazame. Alisahau kwamba anayekaa mbele ya wakwe ni baba wa binti, na kwamba kwa mpango huo baba wa binti atatazama samaki wake kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Jambo lingine lililomtia hofu lilikuwa umeme. Umeme wa Kamenge una tabia ya kuondoka pale hasa unapohitajiwa, na jenereta za mtaa mzima zilikuwa zimelala kwa kukosa mafuta, maana wenye magari wenyewe walikuwa wanakesha kwenye foleni. Itakuwaje msemaji wa wakwe akikatikiwa sauti katikati ya hotuba? Ndipo Spéciose alipokumbuka kwamba chini ya sanduku la samaki kulikuwa na betri kubwa, kazi yake kuendesha pampu kila umeme unapokatika. Akaamuru ibebwe, iunganishwe na maikrofoni na spika zilizokuwa nje kwenye hema. Jovithe aliwaona wanaibeba. Alifungua mdomo, akakumbuka kaburi la mama yake, akaufunga.

Wakwe waliingia mchana, jua likiwa kali. Sebule ikajaa, watu bega kwa bega, na kwenye hema vijana wakasikiliza kwa spika. Msemaji wa upande wa Arnaud alikuwa Mzee Népomuscène, jina kubwa katika kazi hiyo, mtu aliyeomba mabinti wa watu katika kila mtaa wa Bujumbura na hajapata kunyimwa. Alianza kwa kusema kwamba wao ni wapita njia tu, wamepoteza ng'ombe wao mtamba, na nyayo za mtamba huyo zimewaleta hadi kwenye mlango huu. Msemaji wa wenyeji, Maxime, mdogo wake Jovithe, akamjibu kwamba hapa hawafugi, labda wajaribu kwa jirani. Watu wakacheka. Mzee akasema jirani ndiye aliyewaelekeza. Watu wakacheka zaidi. Spéciose, aliyekaa na wanawake wenzake pembeni, alijiona mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Umeme ukakatika.

Hakuna aliyeshtuka, maana maikrofoni haikukatika. Mzee Népomuscène aliendelea na mtamba wake bila kupoteza hata silabi, na Spéciose akajipongeza kimoyomoyo kwa akili yake. Kitu pekee kilichonyamaza ndani ya chumba kile kilikuwa mngurumo mdogo wa pampu, ambao yeye alikwisha kuuzoea hata hausikii tena. Hotuba iliendelea. Mtamba alielezwa pembe, akaelezwa mwendo, akaelezwa ukoo wa mama yake hadi bibi wa tatu. Joto likazidi. Wazee wakafungua vifungo vya makoti, na spika za nje zikaendelea kuila betri hadi, Mzee akiwa katikati ya neno, sauti ikafa. Yeye hata hakukohoa. Aliweka maikrofoni chini kama mtu anayeweka kofia, akaendelea kwa koo lake mwenyewe.

Hapo ndipo Spéciose alipomtazama mumewe.

Jovithe alikuwa amekaa vile walivyopatana. Mgongo umenyooka, mikono magotini, tai imekaa sawa. Ila vidole vilikuwa vimeng'ang'ania magoti hadi vimepauka, na macho yake yalipita juu ya bega la baba mkubwa wa Arnaud, Mzee Dieudonné, yakaganda huko nyuma. Spéciose akayafuata. Samaki wote walikuwa wamepanda juu, midomo nje ya maji, wakifungua na kufunga kama waumini wasiojua maneno ya wimbo. Nyota ya buluu, ambayo siku zote ilishika kioo kwa nguvu, ilikuwa imelegea, mkono mmoja unaning'inia. Mandarini hakuonekana kabisa.

Tusimpake Spéciose mafuta: wazo lake la kwanza lilikuwa, na wafe. Jioni hii sebule itakuwa yake, ataweka kabati la vyombo pale, na hakuna atakayemlaumu kwa sababu mkosaji ni umeme. Wazo hilo alilikalia raha kabisa. Kisha Jovithe akageuza uso, akamtazama.

Hakumwomba kitu. Angekuwa ameomba, kwa jicho au kwa nyusi, Spéciose angejifanya hakuona, na kwa kujifanya haoni yeye alikuwa bingwa. Jovithe alimtazama kama anayeuliza tu kama anafanya vizuri. Kama amekaa sawa, kama tai iko sawa, kama ahadi anaishika vile alivyotaka mkewe. Machozi yalikuwa yamemjaa na hayakuthubutu kushuka. Spéciose akajiona mtu mbaya, tena mbaya hasa, na hakuna msemaji yeyote duniani aliyeweza kumtetea.

Mbele ya wazee, mtungi wa pombe ya mtama ulikuwa umekwisha kuletwa, na kando yake fungu la mirija mirefu ya kunywea, mikavu, bado haijaguswa. Mtungi hauguswi kabla wasemaji hawajamaliza. Spéciose aliinuka. Alikatiza katikati ya koo mbili, mahali ambapo siku hiyo hapiti hata kuku, akachomoa mrija mmoja, akapita nyuma ya viti vya wakwe, akauchovya mrija ndani ya bahari ya mumewe na kupuliza.

Mapovu yakapanda. Akavuta pumzi, akapuliza tena.

Mzee Népomuscène alinyamaza. Maxime alishika kichwa. Laure, aliyekuwa chumbani ameshavaa na kupambwa akisubiri kuitwa, alichungulia kwenye pazia, akamwona mama yake amefura mashavu mbele ya ukoo mzima wa Arnaud, akarudisha pazia taratibu kama mtu anayefunga kaburi. Wazee wakageuka kwenye viti vyao na kwa mara ya kwanza wakaiona bahari.

Sasa, ni lazima umjue msemaji ni mtu wa namna gani. Mzee Népomuscène alikwisha kutegewa kila aina ya mitego katika nyumba za watu. Alikwisha kupewa vitendawili. Alikwisha kuletewa wasichana waliofunikwa nyuso na kuambiwa achague aliyemjia. Jambo hili la leo hakuwahi kuliona, lakini msemaji anayekiri kwamba hajui desturi ya wenyeji wake amekwisha kazi. Alimtazama mama wa binti, akatazama mrija, akatazama maji, na katika kimya kile akakata shauri kwamba ukoo wake unajaribiwa.

Akainuka, akafunga koti.

"Tumeelewa," alisema. "Hapa kwenu mutoto hatoke kama maji haijapewa pumuzi. Iko vizuri sana. Famille, mushike mirija."

Na walishika. Wanaume wazima, wenye suti za kushonwa na viatu vya kung'aa, walichukua mirija, wakalizunguka sanduku, wengine wakapanda juu ya viti, wakachovya. Mapovu yakatoka kila upande. Ila Mzee Dieudonné, tangu awe mtu mzima, alikuwa anajua kazi moja tu ya mrija. Mdomo wake haukuiuliza akili. Alivuta.

Alivuta funda zima, la kukata kiu, kama mtu aliyefika kutoka mbali. Macho yakamtoka. Mashavu yakabaki yamejaa. Kila mtu alimwona, na kila mtu alijua kinachomkabili, maana kinywaji cha wakwe hakitemwi. Ukikitema umeitema ndoa. Mzee Dieudonné alitazama dari, akamkumbuka mtoto wa ndugu yake na mapenzi aliyonayo kwa binti huyu, akameza. Mzee Népomuscène akamuuliza kwa upole inakuwaje. Akajibu, sauti ikiwa imekwama, kwamba iko na chumvi kidogo, lakini ni nzuri, wenyeji wasijali.

Spéciose alikuwa bado anapuliza na hangeweza kucheka, jambo ambalo lilimpa kazi mbili kwa wakati mmoja. Jovithe bado alikuwa kitini, wa pekee aliyekaa katika chumba kizima. Spéciose alitoa mrija mdomoni.

"Baba Laure," alimwambia, "kiapo nimekifuta mimi. Simama."

Jovithe aliruka. Koti lilibaki kitini na hakujua. Akaanza kuwapanga wakwe mmoja mmoja, wewe puliza chini, wewe taratibu, mzee usipulizie ile kona, nyota haitaki mapovu, naomba mrija uwe wima. Mtu aliyepaswa kukaa kimya alitoa amri ndani ya chumba kile kama padri anayefundisha watoto komunyo, na wazee wa majina makubwa wakatii wote, ndiyo, ndiyo, hivi, au chini zaidi? Mmoja aliuliza jina la nyota. Jovithe akalisema, akamtupia mkewe jicho la wasiwasi. Mkewe akampa ishara kwamba na aendelee.

Na kwa kuwa gusaba haiwezi kusimama, ilisogea vilevile. Walipuliza kwa zamu. Maxime akijibu, Népomuscène anapuliza. Népomuscène akisema, Maxime anapuliza, na kwa kuwa pumzi ni ileile, hotuba za siku hiyo zilikuwa fupi kuliko zote zilizowahi kusikika Kamenge. Mtamba alipatikana upesi. Vijana wa kwenye hema, waliokuwa hawasikii kitu tangu spika zife, wakajazana madirishani, na walipoelezwa wakadhani wanataniwa. Arnaud mwenyewe, mwenye haki ya kukaa tu na kungoja, aliomba mrija akapuliza hadi kizunguzungu kikamshika, akakalishwa.

Mandarini alitokeza nyuma ya jiwe. Samaki wengine wakaanza kushuka, mmoja mmoja. Nyota ikarudisha ule mkono kwenye kioo, polepole, kama mgonjwa anayejaribu kitanda. Umeme uliporudi na pampu ikaguna, koo mbili zilipiga makofi pamoja, hakuna aliyejua nani mwenyeji nani mgeni.

Mzee Népomuscène alijifuta uso kwa leso. Alikuwa ametayarisha maneno ya kufungia, maneno mazuri ya ng'ombe na vizazi, lakini hakuyasema. Alimgeukia Spéciose, si Maxime, jambo ambalo pia halifanywi.

"Mama, mi nimeomba wasichana wengi," alisema. "Sijaona bado mama anaacha maneno ya wazee juu ya kasamaki kenye kanakosa pumuzi. Mutoto mwenye alikomaa mu nyumba hii, tunamuomba. Na kama munakatala, tutarudia kuomba."

Hawakukataliwa. Laure aliitwa, akatoka ameshikilia kicheko na kilio pamoja, na vigelegele vikaamsha mtaa.

Jioni wakwe walipokwisha kuondoka, Spéciose na Jovithe walibaki peke yao katikati ya viti. Jovithe alikuwa anafuta vioo kwa ncha ya tai yake. Aliuliza kama haifai kuwaambia wakwe ukweli, kwamba ile haikuwa desturi ya mtu yeyote, maana Mzee Dieudonné ameondoka anashikilia tumbo. Spéciose akamwambia asithubutu. Mzee kesho atakuwa mzima, na heshima ya Laure ina miaka mingi ya kuishi.

Jovithe alifuta tena pale palipokuwa pameshafutwa. Kisha, bila kumtazama, akasema kwamba Spéciose angeweza kuwaacha wafe. Betri ilikuwa imekwenda, umeme umekwenda, asingelaumiwa na mtu. Sasa hivi sebule ingekuwa yake.

"Mi sikukuwa naangalia samaki, Baba Laure," alisema Spéciose. "Nilikuwa naangalia weye."

Jovithe aliiachia tai. Alivuta kiti kimoja cha wakwe, akakigeuza, akakiweka mbele ya sanduku kando ya kile chake. Spéciose alivua viatu vyake vya sherehe, akakaa.